Jibu Nililomnyang'anya Mwalimu Anaeli

Usiku ule nililala mapema, jambo ambalo mke wangu hulihesabu kuwa dalili ya malaria. Hakukosea sana. Nilikuwa naumwa, ila ugonjwa wenyewe ulikuwa juu ya meza ya chakula: kurasa za kitabu changu cha makala, zilizotoka kwa mchapishaji ili nizipitie kwa mara ya mwisho na kuzirudisha kesho yake. Nilikuwa nimefika ukurasa wa arobaini na moja. Nikazifunika kwa kitambaa cha meza, kama mtu afunikaye sufuria asiyotaka wageni waone kilichomo, nikaenda kulala.

Ukurasa wa arobaini na moja ndipo inapoanza makala iliyonipa jina. Hata leo watu wakinikuta kwenye harusi hunishika mkono na kusema, "Aa, wewe ndiye yule wa mwinjilisti!" Makala inasimulia jinsi mimi, kijana wa mwaka wa tatu chuo kikuu, nilivyorudi likizo kijijini kwetu, mlimani Kilimanjaro, nikamuuliza swali mbele ya watu Mwalimu Anaeli, mwinjilisti wa mtaa wetu. Wainjilisti wa kwetu huitwa walimu kwa sababu ndio wanaowafundisha watoto kipaimara, na huyu alikuwa amenifundisha mimi.

Unajuaje kwamba Mungu aliumba dunia? Biblia imesema. Unajuaje kwamba Biblia imesema kweli? Ni neno la Mungu. Na unajuaje kwamba Mungu yupo, hata awe na neno? Hapo, kwa mujibu wa makala, Mwalimu Anaeli alifungua kinywa, akakifunga, akasema neno moja tu: "Imeandikwa." Baada ya hapo naeleza kwa kurasa nne, kwa madaha ambayo sasa yananitia kichefuchefu, kwa nini andiko haliwezi kusimama kizimbani na kujitolea ushahidi lenyewe.

Wiki moja kabla ya usiku huo mjane wa Mwalimu, Mama Aikande, alinipigia simu. Kumbe habari za kitabu zilikuwa zimepanda mlima.

"Baba, nasikia umeandika kitabu na Mwalimu wangu yumo."

"Yumo, mama."

"Mungu akubariki. Macho yangu hayaoni tena, lakini wajukuu watanisomea. Na humo kitabuni Mwalimu anasema nini?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema redioni wala kwenye kongamano, nikamwambia, "Utasikia mwenyewe, mama."

Swali hilo ndilo lililonilaza saa mbili na nusu.

Nikajikuta nimekaa kwenye benchi la darasa la kipaimara. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na mle ndani mlikuwa na ile harufu ya masweta mabichi ya watoto waliopita migombani asubuhi. Lakini mimi sikuwa mtoto. Nilikuwa na kitambi changu chote na miwani yangu yote, magoti yamenigusa kidevu. Kando yangu alikaa profesa wangu wa falsafa, kavaa kaptula ya kaki, miguu imepauka kwa vumbi. Akaninong'oneza, "Umefanya kazi ya nyumbani?" Nikasema sikuambiwa kama kuna kazi. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Mlango ukafunguka, akaingia Mwalimu Anaeli.

Nilijua amekufa. Nilijua pia kwamba sikwenda kumzika, kwa sababu wiki ile nilikuwa na semina, na nililijua hilo mle ndotoni kwa uwazi kuliko ninavyolijua nikiwa macho. Akavua viatu vyenye tope, akaviweka mlangoni, akakung'uta koti lake jeusi. Akakohoa kile kikohozi chake kifupi cha kuomba radhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

Darasa zima likacheka. Nilifurahi kwamba limecheka, nikidhani tumeanza vizuri.

Akafungua daftari la mahudhurio, akaita majina ya watoto niliokua nao, na kila jina likaitikiwa na sauti nisiyoiona. Jina langu hakuliita. Aliinua tu kidole, nikasimama.

"Soma," ananiambia.

Mbele yangu kuna Biblia. Naifungua mwanzo, pale pa siku ya kwanza, na macho yangu yanakuta ukurasa wa arobaini na moja. Ni maandishi yangu mwenyewe, na pembeni kuna alama za kalamu nyekundu ya mhariri. Nageuza karatasi. Arobaini na moja. Nageuza tena. Arobaini na moja.

"Soma, mwanangu. Usiogope."

Ninasoma. Sauti yangu imekuwa nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa ghafla. Ninafika pale Mwalimu anapofungua kinywa na kukifunga, na ninasoma lile neno moja analolisema.

"Nilisema hivyo?" anauliza. Hana hasira. Anauliza kama mtu anayetafuta miwani yake.

"Imeandikwa hapa, Mwalimu."

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Na tunajuaje kwamba wewe umeandika kweli?"

"Makala inajulikana sana, Mwalimu. Watu wengi wameisoma."

"Sikuulizi wangapi wameisoma."

Natazama kando. Profesa wangu ameinamia daftari lake na anachora duara, na juu ya duara duara jingine, bila kuinua kalamu. Anajua. Wote mle ndani wanajua. Hoja niliyoipata kwake kwa miaka mitatu, nikaitembeza nchi nzima kama ng'ombe wa maonyesho, imegeuka na kunitazama.

"Njoo nje," Mwalimu anasema.

Sikumbuki kupita mlangoni. Darasa halipo tena, mvua imekatika, na tumesimama uani kwake asubuhi. Ni asubuhi ya jumuiya. Kwetu majirani hukusanyika mara moja kwa wiki kabla ya kwenda shambani, nyumba moja hadi nyingine kwa zamu, wakasoma na kuomba, kisha wakanywa chai. Zamu ile ilikuwa ya Mwalimu. Viti vimetolewa ndani, na vilipoisha vikafuata vinu na ndoo zilizopinduliwa. Jikoni kunafuka moshi. Mwalimu amevaa sweta lake la kijivu, limetiwa viraka viwili vya rangi tofauti kwenye viwiko, na amesoma habari za uumbaji kwa sababu watu wanajiandaa kupanda maharage.

Na pale mbele, kwenye kiti kizuri kuliko vyote, amekaa kijana mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Namtambua kabla hajageuka. Natamani asigeuke.

"Mwalimu, samahani," kijana anasema. "Nina kaswali kadogo tu."

"Mae!" anashangaa jirani mmoja. "Kaswali ka chuo kikuu hako. Mama, punguza moto, chai itasubiri."

Watu wanacheka. Kijana anasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Anatoa hoja yake nzuri. Anaichora hewani kwa kidole, kutoka kwa Mungu kwenda kitabuni, kutoka kitabuni kurudi kwa Mungu. Anasema hiyo ni sawa na mtu kujiandikia mwenyewe barua ya utambulisho. Wanawake wawili wanatazamana. Mimi nimesimama nyuma ya mgomba na kitambi changu, na ninajua neno baada ya neno kinachofuata, kwa sababu hiki ndicho kitu pekee maishani mwangu nilichokikumbuka chote na kukiandika nusu.

Mwalimu anafunga kitabu. Hakifungi kwa kishindo. Anakilaza magotini na kuweka mkono juu yake.

"Swali lako ni zuri," anasema. "Wewe unajua mimi huitwa baraza la ardhi watu wakigombea mipaka. Nimekaa kule miaka mingi. Sijawahi kumwona mtu analeta hati ili kuthibitisha kwamba shamba lipo. Shamba tunalikanyaga. Hati inaletwa ili tujue ni la nani, na anayelima humo analima kwa nani. Basi hiki kitabu, mwanangu, mimi sikukishika kamwe kama ushahidi kwamba dunia iliumbwa. Dunia naiona. Nakisoma nijue nalima kwa nani."

Kuku anapita kati ya miguu ya watu. Kijana anamfuata kuku huyo kwa macho, na mimi nyuma ya mgomba namfuata pia.

Maana hakuwa na jibu. Alikuwa amekuja na rungu la kumpiga mtu ambaye hakuwepo, mtu aliyesimama mahakamani na Biblia mkononi akisema hii ndiyo risiti. Mtu wa namna hiyo nimekutana naye mara nyingi tangu siku ile, na hoja yangu humwangusha kila mara. Lakini pale uani hakuwepo. Alikuwepo Mwalimu Anaeli, na alikuwa ametoa jibu ambalo lingestahili mjadala wa mwezi mzima.

"Kaa chini," namwambia kijana. "Kaa, sema hujui, unywe chai." Sauti haitoki. Midomo inacheza tu, kama ya samaki.

Kijana anatabasamu. Ni tabasamu ninalolifahamu; lipo kwenye picha yangu, jalada la nyuma la kitabu.

"Mwalimu," anasema, "kwani wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Vijana wawili ndio wanaoanza kucheka. Kisha mtu mzima mmoja, kisha wengine, kile kicheko cha watu wasiotaka kuonekana hawakuelewa. Kinajaa uani. Mwalimu anangoja kiishe. Anavuta mikono ya sweta lake, viraka vinajificha.

"La nne, baba," anajibu.

Aliniita baba. Hilo nalo sikuliandika. Wala sikuandika kwamba Mama Aikande alitoka jikoni muda huohuo na chai, kwamba kikombe chenye kisosi kilikuwa kimoja tu nyumba nzima, na kwamba alipita mbele ya wazee wote akanipa mimi.

Nafumba macho. Nikiyafumbua watu hawapo, viti vimerudi ndani, na Mwalimu anatembea mbele yangu migombani, amevaa tena koti lake jeusi, kilima kinashuka, majani makavu yanavunjika chini ya miguu yangu lakini siyo chini ya miguu yake. Kwapani amebeba kurasa zangu zote. Matone yanaanguka kutoka kwenye migomba na kurasa hazilowi.

"Hati pia hughushiwa, Mwalimu," namwambia mgongoni. Hata aibu inaponiua bado nataka kushinda. "Hilo ndilo nililopaswa kukujibu. Hata kama kitabu ni hati tu, hati inaweza kuwa ya uongo."

Anasimama. Anageuka, na uso wake umewaka kama wa mtu aliyeletewa barua.

"Hilo ni jibu! Ulilipata lini?"

"Siku ya tatu. Nilikuwa kwenye basi, narudi chuoni."

"Ungeshuka," anasema. "Ungerudi ukaniambia. Ningelifurahia sana. Hapa kijijini nani alikuwa ananibishia?"

Miaka yote nilidhani nilimwonea mtu mnyonge. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa na upweke, kwamba mtu wa darasa la nne anaweza kuwa na mawazo yanayokosa mwenzake, na kwamba asubuhi ile aliponiona nimesimama na kaswali kangu huenda moyo wake uliruka.

"Na ungenijibu nini?" nauliza.

"Ningesema ndiyo, hughushiwa. Ndiyo maana baraza haliishii kwenye hati. Linawauliza majirani." Ananitazama. "Na mimi nilikuwa jirani yako. Ulipokuwa unaniandika, uliniuliza?"

Wachaga tuna mmea uitwao isale, wenye majani marefu ya kijani, ambao tunaupanda mipakani. Mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani lake, akalifunga fundo, akampelekea, na aliyekosewa akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Pale tulipofika, mpakani mwa shamba lake, yamesimama mengi, yamejipanga. Nachuma moja. Vidole vyangu ni vinene na fundo linakataa, nalirudia mara tatu kama mtoto anayefunga kamba za viatu. Napiga magoti kwenye majani mabichi na kulinyoosha kwa mikono miwili.

Mwalimu Anaeli anaweka mikono yake nyuma.

"Mwalimu, isale halikataliwi!"

"Sijalikataa. Sina tena mikono ya kupokelea." Na kweli, nikitazama mikono ya koti, haina kitu. Sijui kurasa zangu ameziacha wapi. "Mama Aikande anayo. Siku ile alikuwa jikoni na moshi wake. Jibu langu hakulisikia. Alisikia kicheko tu, na nilipomwambia usiku kwamba nilijibu, alininyamazia, akadhani najifariji. Mpelekee. Mwambie nilijibu."

"Nitaandika makala nyingine, Mwalimu. Nitarekebisha, nita…"

"Hasomi," anasema. "Mwambie."

Anakohoa kile kikohozi chake cha kuomba radhi, anapita kati ya isale na isale, na upande wa pili hakuna shamba, kuna mwanga wa dirisha langu, na mke wangu ameniegemea kwa kiwiko.

"Unasema 'la nne, la nne' tangu saa kumi," aliniambia. "Ghorofa la nne? Mtoto wa nne? Kama una mtoto wa nne mahali, sema sasa."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata kisosi.

"Miaka ishirini umenisomea ile makala," akasema, "na mimi nacheka."

"Sasa nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi sikuolewa na Mwalimu. Mpigie mwenye mume."

Ili msomaji asinielewe vibaya: sikuamka nimeongoka. Bado naamini andiko haliwezi kuwa shahidi wa habari zake lenyewe, na mtu akija kwangu na Biblia au kitabu kingine kitakatifu akaniambia hii ndiyo ithibati kwamba dunia iliumbwa, nitamchorea duara lile lile. Hoja ni nzima. Mwizi alikuwa mimi. Nilihitaji mjinga wa kuipigia mfano, nikamchukua mtu mwenye akili kuliko watu wote wa mtaa ule, nikamkata ulimi, nikamwekea mdomoni neno moja. Halafu nikategemea watu waamini kwa sababu nimeandika.

Niliketi mezani na kuifuta makala ile kwa mistari miwili mikubwa, kutoka kona hadi kona, nikamwandikia mhariri kwamba mahali pake patakuja kitu kingine. Kitu chenyewe ndicho hiki unachosoma. Kisha nikaanza kuandaa la kumwambia Mama Aikande. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya tatu na nukta mkato moja. Mke wangu aliisoma begani mwangu, akaichukua, akaifungia maganda ya vitunguu.

Nikapiga. Ilikuwa saa moja kasoro. Nilisikia mbuzi kabla sijamsikia yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona alfajiri? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Uliniuliza Mwalimu anasema nini kitabuni. Kitabuni nilimsingizia, mama. Nimefuta. Sasa nataka nikuambie alichosema kweli, siku ile ya jumuiya kwako, niliposimama kumuuliza."

Nikamwambia, pale pale, kwa maneno ya Mwalimu kadiri nilivyoyakumbuka: hati, shamba tunalolikanyaga, dunia ninayoiona, nalima kwa nani. Nilikuwa nimesimama, sijui kwa nini, mkono mmoja ukutani. Nilipofika mwisho nikaona bado sijafika mwisho.

"Na mimi nilishindwa kumjibu, mama. Kwa hiyo nikamuuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. Ndiyo maana watu walicheka."

"Hilo nililisikia," alisema Mama Aikande.

Mkono wangu ulibaki ukutani.

"Nilikuwa nimeshika birika, nipo mlangoni. Nililisikia na nilisikia akikujibu. Nikakuletea chai."

"Mama, nakuja Jumamosi. Nakuja na isale."

"Usijisumbue kubeba majani kutoka huko, yapo hapa mpakani, utachuma." Akavuta pumzi, na sauti yake iliporudi ilikuwa ndogo, ya mtu aliyesogeza simu karibu kabisa na sikio. "Hilo la mwanzo ndilo sikulisikia. La shamba. Hebu lirudie, baba, polepole."